DOSIE INAPOFUNGWA KWA KUKOSA USHAHIDI



Masomo ya kufungua nyumbani mbele ya kuendelea: Kumbukumbu la Torati 19:15 na 21:1-9, Walawi 5:1, 2 Samweli 12:1-13, Yohana 7:51.

Tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wametuuliza kisha ibada, wengine kwa sauti ndogo, wengine kwa hasira. Mtu amekosewa. Anakwenda parke, anaweka mashitaka. Mshitakiwa anaitwa, watu wanaulizwa, maneno yanaandikwa, miezi inapita. Mwishoni mshitaki anaambiwa: dosie imefungwa, hakuna ushahidi. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Je, siku hiyo sisi watu wa Mungu tufanye nini? Yule aliyeshitakiwa, sasa ni mtu safi? Yule aliyeshitaki, sasa ni mwongo? Ao twende kwa wenye maono, watuonyeshe kile ambacho hakimu hakukiona?

Hatuulizi maneno haya kama watu wanaotazama kwa mbali. Yalitufikia sisi wenyewe.

JAMBO LILILOTUPATA

Katika moja ya mitaa ya Likasi, mama mmoja wa kanisa letu alikuwa anatunza franga za likelemba ya mama 12. Ninyi mnajua likelemba ni nini: ni karo ya mtoto, ni mfuko wa unga, ni dawa siku ya homa. Jumamosi moja alikwenda kwenye mkesha. Asubuhi akakuta sanduku limevunjwa, franga zote zimekwenda. Siku ile ile, mchana, kijana wa jirani, mwimbaji wa kwaya yetu, alikuwa ameingia katika lupango ya mama ili kuazima ngazi. Mama akamtaja. Kijana akalala kasho siku mbili, akaulizwa, akaachiliwa. Kisha miezi, mama akaambiwa: hakuna aliyeona, hakuna kitu kilichopatikana kwa kijana, dosie imefungwa.

Siku ya Mungu iliyofuata, kijana aliingia kanisani na kukaa kwenye benchi lake. Wale wawili waliokuwa karibu naye wakasimama, wakahamia mbele. Hakuna aliyewatuma. Na upande wa mama, yule mama aliyeibiwa alikuwa anasikia nyuma yake maneno mengine: labda ni yeye mwenyewe alikula franga za wenzake, kisha akatafuta mtoto wa watu wa kumtupia. Hivyo neno moja kutoka parke lilivunja watu wawili kwa wakati mmoja. Kila upande wa kanisa ulichukua neno lile na kulifanya jiwe lake.

Ndipo wazee wakaketi. Kile ambacho walijifunza, kwa taabu na kwa kukosa, ndicho tunachokiandika hapa.

1. HAKIMU ANASEMA NINI HASA?

Kwanza tujue maneno yenyewe, maana wengi wetu tunayasikia vibaya.

Parke inapofunga dosie kwa kukosa ushahidi, hiyo si hukumu. Ni mwendesha mashitaka anayesema: kwa vile nilivyo navyo leo, siwezi kumpeleka mtu huyu mbele ya tribinali. Ushahidi mpya ukitokea, dosie inaweza kufunguliwa tena, mradi miaka ya sheria haijapita. Kwa sheria yetu ya Kongo, makosa madogo yanazimika kisha mwaka 1, yale ambayo adhabu yake haizidi miaka 5 ya kifungo yanazimika kisha miaka 3, na makubwa kuliko hayo kisha miaka 10. Tena mtu aliyekosewa ana haki ya kumwita mshitakiwa yeye mwenyewe mbele ya tribinali, bila kungoja parke. Wengi hawajui, wanadhani mlango umefungwa kwa misumari.

Tribinali nayo inapomwachilia mtu kisha kusikiliza kesi, hiyo ni hukumu. Lakini hata hapo hakimu anafuata kanuni moja: mashaka yakibaki, ni faida ya mshitakiwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kila mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe.

Basi, «hakuna ushahidi» maana yake ni hii: sijui vya kutosha ili nimfunge mtu. Hakimu hakusema kwamba hakuna kilichotendeka. Hakusema kwamba mshitaki amedanganya. Kumshitaki mtu kwa uwongo na kwa nia mbaya ni kosa lingine peke yake katika sheria, na kosa hilo pia linadai ushahidi wake. Kwa hiyo wale waliomwita mama yetu mwongo walifanya kosa lile lile walilokuwa wanamlaumia: walihukumu bila ushahidi.

2. KWA NINI MUNGU MWENYEWE ANADAI MASHAHIDI?

Kuna wandugu wanaosema: sheria hii ni ya wazungu, inawalinda wezi. Sivyo. Mbele ya tribinali yoyote ya nchi hii kujengwa, Torati ilikuwa imekwisha kukataza mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Mungu anaona yote. Kama angetaka, angeweza kuwaamuru waamuzi wa Israeli wamwulize yeye tu, na kesi ziishe. Lakini aliwaamuru watafute mashahidi wawili ao watatu, na wachunguze vizuri. Kwa nini? Kwa sababu yeye anaona, lakini sisi hatuoni. Alimwekea mwanadamu mpaka, ili mwanadamu asijifanye Mungu juu ya shingo ya mwenzake.

Na hata mashahidi wawili hawatoshi kama mioyo imenunuliwa. Mkumbuke Nabothi wa Yezreeli na shamba lake la mizabibu. Mashahidi walikuwa wawili, kama sheria inavyotaka. Hesabu ilikuwa sawa, na mtu wa haki akafa kwa mawe.

Sisi makanisa ya kinabii, tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa neno hili. Tukumbuke mwaka 1921. Simon Kimbangu alianza kazi yake pale Nkamba mwezi wa nne. Mwezi wa tisa alikuwa mikononi mwa serikali, na tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi kule Thysville, ambako leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kufa. Hakuwa na avoka. Mfalme Albert wa Ubelgiji alibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, na mtu huyo akaletwa huku kwetu, Elisabethville, leo Lubumbashi. Alikaa kifungoni miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Watawala waliogopa makutano, na woga ukachukua nafasi ya ushahidi.

Hata kama wewe si wa kanisa lile, fikiri: kama pale Thysville kungekuwa na hakimu mmoja mwenye moyo wa kusema kwamba hakuna ushahidi, dosie ifungwe, je, tungemlaumu? Tungemwita mtu wa Mungu. Basi neno lile tunalolitamani kwa ajili ya wazee wetu, tusilichukie linaposemwa kwa ajili ya kijana wa jirani. Hata Nikodemo, mbele ya wakubwa wenzake, aliuliza kama sheria inaweza kumhukumu mtu mbele ya kumsikiliza. Walimcheka. Lakini swali lake linasimama mpaka leo.

3. MKONO NA KIDONDA

Lakini sasa tugeuke upande wa pili, maana kuna wanaosimama hapo na kusema: tribinali imemaliza, tunyamaze wote, mambo yamekwisha. Hapana. Hatuhitaji kutoka nje ya jimbo letu ili kuona kwamba hayajaisha.

Kilwa iko kando ya ziwa Moero, katika teritware ya Pweto, kilometa kama 350 kaskazini ya Lubumbashi. Katikati ya Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia katika mji ule. Jeshi likatumwa kuurudisha, na likaurudisha upesi. Kisha watu wakaanza kuhesabu wafu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba watu zaidi ya 70 walikufa, na wasiopungua 28 kati yao waliuawa bila kuhukumiwa. Kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa inachimba shaba na feza kule Dikulushi, ilisema kwamba jeshi lilichukua magari yake kwa amri, na kwamba haikuwa na njia ya kukataa.

Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi Lubumbashi, Desemba 2006. Walioshitakiwa walikuwa askari 9 na watumishi 3 wa kampuni. Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ikatoka: juu ya mambo ya Kilwa, wote wakaachiliwa. Baadhi ya askari walihukumiwa kwa makosa mengine, lakini kwa wafu wa Kilwa mahakama ilisema kwamba walikufa katika mapigano. Mkubwa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, mama Louise Arbour, alitangaza wazi kwamba hukumu hiyo inamtia wasiwasi. Rufaa ya familia haikufaulu. Wakajaribu Kanada, mwaka 2012 mahakama za kule zikasema kesi hii si ya kusikilizwa kwao.

Je, tuwaite wale walioachiliwa wauaji? Hatuna ruhusa. Mahakama imewaachilia, na kile tulichosema juu ya kijana wa kwaya tunakisema juu yao pia. Sheria ya Mungu haibadiliki kwa sababu mshitakiwa ni askari ao mtu wa kampuni. Lakini je, tuwaambie wajane wa Kilwa kwamba hakuna kitu kilichotendeka? Waume zao hawakurudi nyumbani. Hapo hakuna hakimu anayeweza kufuta.

Angalieni jambo lililofuata. Familia hazikunyamaza. Kwa msaada wa watetezi wa haki, walipeleka jambo lao mbele ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyo na makao yake Banjul, nchini Gambia. Kamisheni hii haifungi watu. Haikuuliza ni askari gani alifyatua risasi. Iliuliza kama serikali ilichunga watu wake, na kama iliwapa haki walipolia. Katika uamuzi wake wa mwaka 2016 ilisema kwamba nchi yetu ilikosa. Iliagiza wakosewa 8 waliotajwa katika kesi walipwe dola milioni 2 na nusu, serikali iombe msamaha, maiti zifukuliwe na kuzikwa kwa heshima, na ukumbusho ujengwe.

Tukijifunza neno moja tu kutoka Kilwa, liwe hili: mahakama ilitafuta mkono, haikuuthibitisha; Kamisheni ilitazama kidonda, ikakiona. Hayo ni maswali mawili. Swali la mkono linadai ushahidi mkali, na likikosa jibu tufunge midomo. Swali la kidonda halingoji mkono ujulikane. Mtu anayetoka damu, hatumwambii angoje mpaka tumjue aliyemkata.

4. USHAHIDI UNAPOTELEA WAPI?

Kuna kesi nyingine, ya majirani zetu wa Kenya, ambayo kila mkristo anapaswa kuijua, maana ilitokea ndani ya nyumba ya Mungu. Tarehe 1 Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, walichomwa moto humo ndani. Makumi walikufa, wengi wao mama na watoto. Watu 4 walishitakiwa. Tarehe 30 Aprili 2009, mahakama kuu pale Nakuru iliwaachilia wote wanne. Hakimu alikuwa David Maraga, mtu anayejulikana kuwa mwenye kushika imani yake, ambaye kisha alikuwa jaji mkuu wa nchi ile tangu 2016 mpaka 2021. Hakusema kwamba kanisa halikuchomwa. Alisema kwamba ushahidi mbele yake haukufikia watu wale wanne, na aliwalaumu polisi kwa uchunguzi mbaya.

Fikirini uzito wa jambo hilo. Kanisa limeteketea mchana, kundi kubwa limekuja, na bado tribinali haipati mtu wa kumfunga. Ushahidi ulikuwa wapi? Ushahidi hauoti kama majani kisha mvua. Unaletwa na watu. Kuna anayepaswa kwenda kuangalia mahali, anayepaswa kuandika, anayepaswa kuuliza vizuri. Na juu ya wote, kuna yule aliyeona. Asipofungua kinywa, hakimu mwenye haki na hakimu mwenye rushwa watatoa hukumu moja.

Kitabu cha Walawi, sura ya 5, mstari wa 1, kinasema jambo ambalo hatulihubiri mara nyingi. Mtu aliyeona ao kujua, akasikia shahidi anaitwa, naye akanyamaza, anabeba uovu wake. Yeye hakuiba. Hakuua. Alinyamaza tu, na Torati inamhesabia.

Na sasa turudi kwenye likelemba. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu dosie kufungwa. Nkambo mmoja, mjane, jirani wa yule mama, aliwaita wazee nyumbani kwake. Alisema kwamba usiku ule wa mkesha alitoka nje, akaona mtu anaruka ukuta wa nyuma akiwa na mfuko. Uso hakuuona. Lakini alikuwa mtu mzima, mnene, anachechemea mguu. Hakuwa kijana wa kwaya, aliye mwembamba na mrefu. Wazee wakamwuliza: nkambo, kwa nini hukusema? Akajibu kwamba ukiingia parke kama shahidi, unaweza kutoka kama mshitakiwa. Tena nani angempa franga za njia? Akalia.

Hatukumlaumu kwa ukali, maana tulijiona sisi wenyewe ndani yake. Ni wangapi kati yetu wangemsindikiza kama angesema siku ile? Tunasema serikali haina ushahidi, na ushahidi umelala kati yetu, chini ya mto.

5. JE, TUMWULIZE NABII?

Swali hili ni zito katika kanisa letu, na hatutalikwepa. Siku zile za kwanza, watu wengi walitaka kijana asimamishwe mbele ya wenye karama ya maono. Walisema: Roho anajua, kwa nini tuteseke?

Sisi tunaamini karama. Bila karama kanisa hili lisingekuwapo. Tumeona wagonjwa wakisimama na watu wakitubu. Lakini tunauliza: Roho alipomfunulia nabii Nathani dhambi ya Daudi, Nathani alifanya nini? Hakukusanya watu wa Yerusalemu. Hakumtaja Daudi mbele ya makutano. Alikwenda kwake mwenyewe, mfalme mwenye upanga, akampa mfano wa mwana-kondoo wa maskini, na Daudi akaungama kwa kinywa chake. Maono ya kweli yalizaa ungamo la mwenye kosa. Hayakuzaa kundi la watu wenye mawe.

Mtu atasema: na Petro je, hakuwafunua Anania na Safira mbele ya watu? Ndiyo. Lakini someni tena Matendo 5. Petro aliwauliza wao wenyewe, uso kwa uso. Yaliyofuata yalikuwa mkononi mwa Mungu. Hakuna mwanadamu aliyewagusa kwa sababu ya maono ya Petro.

Tunasema haya kwa sababu tunajua ni nani anayelipa tunapokosea. Ni mjane mzee anayeitwa mlozi. Ni mtoto yatima ambaye mjomba amechoka kumlisha bukari, na mtu fulani ameota ndoto juu yake. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mlozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Lakini hata sheria zisingekuwapo, neno la mashahidi wawili lingetosha. Ndoto ni shahidi mmoja, na shahidi ambaye hakuna awezaye kumwuliza maswali. Mshitakiwa wa parke ana avoka, ana rufaa. Mshitakiwa wa ndoto ana nini? Tusifanye kanisani tribinali iliyo kali kuliko ya serikali na isiyo na mlango wa kutokea.

Usiku ule wa kikao, mzee mmoja aliuliza wenzake neno moja: kama maono yangemtaja mtoto wako wa kuzaa, ungekubali bila kuuliza zaidi? Hakuna aliyejibu. Wakaacha. Leo, tukimkumbuka yule mtu mnene aliyeruka ukuta, tunamshukuru Mungu kwa kimya kile.

6. WAZEE WAPIME UMBALI

Basi tufanye nini, kama hatuwezi kumhukumu mtu na hatuwezi kusema mambo yamekwisha? Torati inajibu, katika sura ya 21 ya Kumbukumbu la Torati. Maiti imekutwa shambani, aliyeua hajulikani, hakuna shahidi. Hiyo ndiyo dosie iliyofungwa. Na Mungu anaagiza nini? Wazee watoke, wapime kwa miguu yao umbali toka kwa maiti mpaka miji ya kandokando. Mji ulio karibu kuliko yote ndio utakaobeba jambo hilo. Wazee wake watoe mtamba, wanawe mikono, waseme mbele ya Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile, na macho yao hayakuona.

Tutazame vizuri. Hakuna anayehukumiwa bila ushahidi. Lakini hakuna anayerudi nyumbani kulala. Swali linageuka: badala ya kuuliza nani aliua, wazee wanauliza nani yuko karibu. Tena kiapo chao kina sehemu mbili, mikono na macho. Mzee hawezi kuapa kwamba macho ya mji wake hayakuona mpaka amepita nyumba kwa nyumba akiuliza. Kama kuna nkambo mmoja nyuma ya mlango aliyeona na akaogopa, kiapo kile ni uwongo.

Sisi hatukupima mapema. Tuliketi juu ya kijana na mama miezi mingi, na hatukuuliza majirani. Hilo ni kosa letu, tunaliandika hapa ili wengine wasilirudie. Na hivi ndivyo tunavyowasihi ninyi nyote.

Kwa aliyeshitakiwa na dosie ikafungwa: tumrudishie benchi lake. Usiseme, hata kwa utani, kwamba hakuna moshi bila moto. Kama ana kosa lililofichika, Mungu anamjua, na njia ya toba iko wazi kwake, lakini si wewe wa kumwagia moshi machoni.

Kwa aliyekosewa: tusimwite mwongo. Tuangalie kidonda chake. Ameibiwa? Changeni. Amepigwa? Msindikizeni kwa muganga. Mwambieni pia haki zake, kwamba dosie inaweza kufunguka tena. Asilazimishwe kusamehe mtu asiyejulikana ili sisi tupate utulivu.

Kwa aliyeona: sema. Sema upesi, sema kile ulichoona tu, usiongeze. Na kwa kanisa: shahidi asiende peke yake. Wazee wawili wamsindikize, na franga za njia zitoke katika sanduku la kanisa. Huo pia ni utumishi, sawa na kuimba na kufagia hekalu.

Ninyi mnataka kujua mambo yaliishaje. Wazee walikwenda na nkambo, maneno yake yakaandikwa. Mtu wa ukuta hajapatikana mpaka leo, na labda hatapatikana. Kanisa lilichanga, mama 12 wakarudishiwa sehemu kubwa ya franga zao, si zote. Yule mama aliyeibiwa alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kijana, akapiga magoti mbele ya mama yake mzazi, akaomba msamaha kwa kumtaja. Walikula pamoja siku hiyo. Kijana amerudi kwenye kwaya. Lakini bado anakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Tulipomwuliza kwa nini, alicheka tu.

Siku ya Mungu ijayo, mtu mmoja asimame mahali pake, aende akae karibu naye.

Mungu anayejua mikono yote na kuona vidonda vyote awabariki, awape vinywa vya kweli na mioyo ya kungojea. Amina.